Joto Haliishi, Linahama Tu

Simu iliita saa tano usiku nikiwa kwangu Makutano, Meru. Alikuwa kasin yangu wa Embu. Ana kistudio kidogo cha kupiga na kuhariri video za harusi, ruracio na mazishi, na mtu wa kazi hiyo hapigi simu saa hizo ila kuna noma.

"Imezima tena," akasema. "Ilikuwa imefika asilimia themanini na kitu. Na wenye harusi wanataka video yao kesho."

Mashine yenyewe naijua vizuri. Ni kompyuta ya mezani ya mitumba, na prosesa yake ni Intel Core i5-2500K, toleo la mwaka 2011. Kwa gema wa leo hiyo ni ya makumbusho. Kwake ni ofisi. Aliinunua na pesa ambazo Anti, yaani mamake, alimpa kutoka kwa bonasi ya majani chai ya Oktoba. Aliyemuuzia alikuwa ameiovakloki, yaani ameilazimisha ikimbie kuliko kasi ya kiwandani: badala ya gigahezi 3.3, ilikuwa inachapa 4.4. Shida ni kwamba juu ya prosesa aliacha kile kifeni kidogo cha kawaida. Ni kama kutia injini ya lori kwa Probox halafu uachie rejeta ile ile ya Probox.

Nilimwambia aingie kwa bayosi, arudishe 3.3, kisha aanze upya na awe mpole. Video ikaisha kukikucha, polepole, lakini ikaisha. Lakini Desemba ilikuwa inakuja na harusi nne zilikuwa zimelipiwa diposi. Asubuhi akanipigia tena.

"Nimebaki na elfu sita, na nimeahidi Anti itakayobaki ataongezea kwa fatalaiza. Sasa niambie, ninunue kipoza gani?"

Hilo swali lina jibu la sentensi moja. Lakini elfu sita ya fatalaiza si pesa ya kubahatisha nayo, na nikaona nimpe historia kwanza.

*

Ukiingia duka la kompyuta pale Luthuli Avenue ama Moi Avenue, Nairobi, utakuta vipoza vimepangwa pamoja. Kuna kipande cha alumini chenye feni juu. Kuna mnara wa mapezi membamba uliopitiwa na mabomba ya shaba. Kuna rejeta ya maji yenye mipira miwili, pampu, na taa za rangi zote za matatu. Ukiviangalia hivi hivi utadhani ni ngazi: cha maskini, cha mtu wa kati, cha tajiri. Si ngazi. Ni majibu matatu ya maswali yaliyoulizwa miaka tofauti. Usipojua swali lako ni gani, utauziwa jibu la mtu mwingine.

Kompyuta za mezani zilianza bila hivyo vyote. IBM PC ya mwaka 1981 ilikuwa na prosesa ya Intel 8088 iliyokimbia megahezi 4.77, na juu yake hapakuwa na chuma wala feni. Joto lilikuwepo, lakini lilikuwa dogo na lilijitokea lenyewe likaenda zake hewani.

Mwaka 1984 IBM ikatoa kompyuta iliyoitwa AT, ya megahezi 6. Watu wa mikono myepesi wakaifungua na kugundua kwamba mwendo wake unatoka kwa kifuwele kidogo kinachoipigia mashine mapigo, kama mpiga ngoma anavyoongoza wachezaji. Wakang'oa kifuwele hicho, wakaweka chenye mapigo ya haraka zaidi, na mashine ikaenda megahezi 8 bila kulalamika. IBM haikufurahia. Matoleo yaliyofuata yakaja na programu ya ndani inayokagua kasi mashine ikiwaka, na ikikuta imechezewa, inakataa kuendelea.

Kwa hivyo kuovakloki hakukuanza kama mchezo wa watoto wa matajiri. Kulianza na mtu aliyeangalia kitu alichonunua akauliza: kwani hiki kimefungiwa nini?

Joto lilifuata nyuma. Intel 486DX2 ya mwaka 1992 ilifika megahezi 66, na kuanzia hapo vipande vya alumini vikaanza kuonekana juu ya prosesa. Mwaka 1993 ikaja Pentium ya kwanza, iliyoweza kutoa joto la hadi wati 16, na feni juu ya prosesa ikawa kitu cha kawaida. Wati 16 ni kidogo, lakini ukizikusanya mahali padogo kuliko stampu ya posta, lazima utafute namna ya kuzitoa.

Halafu ikaja Agosti 1998. Intel ilitoa prosesa ya bei nafuu, Celeron 300A, ya megahezi 300. Ilikuwa imetengenezewa njia ya data ya megahezi 66. Ukiiwekea bodi ya megahezi 100, ilipanda hadi 450, na nyingi zilikubali. Yaani unanunua ya bei ya chini, unabadilisha kitu kimoja, unapata mwendo wa prosesa ghali kabisa ya wakati huo. Mwaka 2000 prosesa za AMD, Duron na Athlon, zikawa na ujanja wao: vijidaraja vidogo vilivyokatwa juu ya prosesa viliweza kuunganishwa tena kwa kuchorwa na penseli, kwa sababu risasi ya penseli hupitisha stima. Penseli ya shule, manze. Ulichora, na kufuli la kiwandani likafunguka.

Sisi watu wa huku tunaijua hiyo akili. Ni ile inayofanya redio ya gari iimbe kwa kibanda, na injini ya pikipiki isukume maji shambani. Si wizi. Ni kukataa kwamba mtengenezaji ndiye mwenye neno la mwisho.

Ila kasi ya bure haiji bila bili, na bili ya kuovakloki huja kama joto. Mwaka 2001 tovuti ya Tom's Hardware ilirekodi video iliyozunguka dunia nzima: walitoa kipoza mashine zikiwa zinafanya kazi. Pentium 4 ikajipunguzia mwendo ikaendelea kuishi. Athlon ikaungua, moshi ukatoka. Baada ya hapo hakuna aliyeuliza tena kama kipoza kina maana. Na maduka ya vipoza yakanona.

*

Hapa nilimwambia kasin atulie, kwa sababu kuna hesabu moja ambayo wauzaji wengi hawakwambii.

Joto la prosesa hupanda pamoja na kasi, hiyo kila mtu anajua. Ukiongeza kasi kwa robo, joto linaongezeka kwa robo. Lakini kasi ikipanda sana, prosesa huanza kuyumba mpaka uipe volteji zaidi, na volteji haiongezi joto kwa kipimo chake tu. Inaongeza kwa kipimo chake mara kipimo chake.

Chukua mashine yake. Intel iliipangia i5-2500K joto la wati 95. Tuseme hiyo ni kwa gigahezi 3.3 na volti 1.20, ni makadirio, lakini yanatosha kutuonyesha njia. Aliyeiovakloki aliiweka 4.4 kwa volti 1.35. Kasi imeongezeka kwa theluthi moja. Volteji, ukiizidisha yenyewe kwa yenyewe, inaongeza karibu asilimia 27. Zidisha zote na zile wati 95, utapata karibu 160. Umepata theluthi ya kasi, umelipa theluthi mbili za joto, zaidi kidogo.

Hesabu hii ndiyo iliyoigonga Intel yenyewe ukutani. Kwa miaka mingi walikuwa wakishindana kwa megahezi. Mwaka 2004 walitoa Pentium 4 ya kizazi kilichoitwa Prescott, nyingine zikapangiwa hadi wati 115, na sifa yake mtaani ikawa jiko. Iliyotakiwa kuifuata, Tejas, ilifutwa Mei 2004 kabla hata ya kuuzwa. Kampuni kubwa kuliko zote za prosesa ilikuwa imekiri kwamba haiwezi kuendelea kukimbia kwa njia ile. Wakageukia kuweka viini viwili, vinne, sita ndani ya prosesa moja. Kwa maneno mengine, joto ndilo lililoamua kompyuta yako iwe na umbo ililo nalo leo.

*

Wakati huo ndipo ule mnara wa shaba ulipoanza kutawala rafu za maduka. Na siri yake si shaba. Siri yake ni maji.

Ndani ya kila bomba la kipoza cha mnara kuna maji kidogo sana, na hewa yote imetolewa. Kwa kuwa hakuna hewa ya kuyakandamiza, yanachemka kwa joto la chini sana kuliko yale ya sufuria. Upande wa chini unaogusa prosesa, maji yanageuka mvuke na kubeba joto. Mvuke unapanda hadi kwenye mapezi, unapoa, unarudi kuwa maji, kisha unarudi chini kwa kunyonywa na ukuta wa ndani wenye vinyweleo, kama utambi unavyonyonya mafuta ya taa. Hakuna pampu. Hakuna kitu cha kuharibika. Wazo hilo liliandikiwa hataza Marekani mwaka 1944 na Richard Gaugler wa General Motors, likasahaulika, kisha mwaka 1963 George Grover wa maabara ya Los Alamos akaligundua upya, na vyombo vya angani vikalichukua. Lilichukua miaka 40 kutoka huko hadi kwa rafu ya Luthuli.

Shosho wangu hakujua Los Alamos, lakini alijua nyungu. Maji ya nyungu yalikuwa baridi mchana wa jua kali kwa sababu nyungu inatokwa jasho: maji kidogo yanapenya udongo, yanageuka mvuke, yanaondoka na joto la yaliyobaki. Tofauti ni kwamba mvuke wa nyungu unaenda na haurudi. Wa bomba la shaba unarudi.

Na ukitaka kuona bomba la joto la ukubwa wa nchi, simama Embu asubuhi isiyo na mawingu uangalie juu. Unyevu wa Bahari ya Hindi unapanda hadi kwa Mlima Kenya, unapoa, unageuka mvua, na mito inateremka hadi Tana. Tukaiwekea Tana mabwawa: Kindaruma mwaka 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981, Kiambere 1988. Gitaru pekee ina uwezo wa megawati 225. Mwaka 1999 na 2000 mvua ilipokataa, maji ya Masinga yakapungua sana, na nchi nzima ikawekewa ratiba ya giza. Kwa hivyo kila wati inayoliwa na kompyuta ya kasin yangu kuna mahali ilitoka, na nyingine zimetoka pale chini ya kaunti yake mwenyewe. Na kila wati inayoingia kwa prosesa inatoka ikiwa joto. Yote. Kipoza hakiui joto. Kinalihamisha tu, kutoka mahali linapoumiza hadi mahali ambapo haliumizi.

Ukishaelewa hivyo, swali linabadilika. Si "kipi kinapoza zaidi?" Ni "nina joto kiasi gani la kuhamisha, na hewa yangu inaweza kulipokea?"

*

Kuhusu hewa, mwalimu wetu alikuwa nyumbani muda wote huo. Ni Anti.

Majani chai yalifika kwa mashamba ya watu wadogo wa Meru na Embu baada ya Mpango wa Swynnerton wa 1954 kuwafungulia wakulima wa Kiafrika mazao ya pesa, na KTDA ikaundwa mwaka 1964. Ukitembelea kiwanda, iwe Rukuriri ama Mungania upande wa Embu, ama Imenti, Githongo na Kinoro upande wa Meru, jambo la kwanza linalofanyiwa majani ni kunyaushwa. Yanatandazwa kwa vihori virefu vyenye wavu chini, na feni kubwa inasukuma hewa kutoka chini ipite katikati ya majani, kama saa 12 hadi 18, mpaka yapoteze maji ya kutosha.

Anti amewahi kunieleza shida ya kazi hiyo kwa maneno machache. "Ukirundika hapa na uache pengo pale," alisema, "hewa yote inapita kwa pengo. Majani yaliyorundikana yanaoza na feni inanguruma."

Hiyo ni sheria ya vipoza vyote, bila kubadilisha neno. Hewa hupita njia rahisi. Mnara wa mapezi yaliyobanana sana unataka feni ya kusukuma kwa nguvu, si ya kupuliza tu. Vumbi likiziba katikati ya mapezi, hewa inapita pembeni na feni inaendelea kunguruma ukidhani inafanya kazi. Na kati ya prosesa na kipoza kuna nyufa ndogo zisizoonekana zilizojaa hewa, na hewa iliyokwama haipitishi joto vizuri. Ndiyo maana unapaka pesti, kidogo kama punje ya haragwe, ijaze nyufa hizo. Mashine za mitumba zimekuja na pesti iliyokauka kama ugali wa juzi. Kabla ya kununua chochote, safisha, paka pesti mpya, upime tena. Wengine huishia hapo, na pesa zao zinabaki mfukoni.

Tulifanya hivyo kwanza. Ikasaidia, lakini kwa 4.4 bado ilikimbilia nyuzi 100, na ikifika huko prosesa hiyo hujipunguzia mwendo yenyewe, na ikizidiwa inazima.

Kisha kuna jambo la mahali tunapoishi. Embu mjini iko kama mita 1,350 juu ya bahari, na Meru mjini imezidi 1,500. Hewa ya huku ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko ya Mombasa kama joto lingekuwa sawa. Feni inazunguka mizunguko ile ile, lakini inabeba hewa nyembamba zaidi, kwa hivyo kipoza kinapoteza nguvu kiasi. Usitishike lakini. Mchana wa Mombasa unaweza kuwa nyuzi 30 na zaidi. Wa kwetu mara nyingi ni ishirini na kitu, na usiku ni chini ya hapo. Tunapoteza nyuzi chache kwa wepesi wa hewa, tunarudishiwa zaidi na ubaridi wake. Adui wetu halisi si mwinuko. Ni vumbi jekundu.

*

Sasa tuingie dukani.

Kipande cha alumini chenye feni juu ni jibu la miaka ya 1990 na mashine zinazokimbia kasi ya kiwandani. Si kibaya. Kama humpigi prosesa wako viboko, kiache hapo hapo. Kwa wati 160 ni mzaha.

Rejeta ya maji iliyofungwa kabisa, ambayo unainunua ikiwa tayari, ilishika soko kuanzia mwaka 2009 hivi. Ilijibu swali la mtu mwenye joto jingi sana, nafasi ndogo juu ya prosesa, na pesa. Inafanya kazi, sikatai. Lakini ina pampu, na pampu hufa. Maji yake nayo hupungua polepole kwa miaka kupitia mipira. Feni ya mnara ikifa, mapezi yanaendelea kupoza kidogo na unapata muda wa kutafuta feni nyingine, ambayo ipo hata Embu mjini. Pampu ikifa, umebaki na pambo. Muuzaji alimwambia kasin hiyo ndiyo "ya wanaume". Ilizidi elfu sita mara mbili. Wanaume wenyewe hawana fatalaiza.

Mnara wa mabomba manne na feni ya milimita 120 ni jibu la mtu mwenye wati 100 hadi 150 na kitu, asiye na haraka ya kuonekana. Huyo alikuwa yeye. Lakini hata hapo kuna mitego minne, na nilimwandikia yote kwa meseji.

Kwanza, urefu. Minara mingi ya aina hiyo hufika kama milimita 155 hadi 160. Pima kutoka kwa bodi hadi kwa mfuniko wa kasha kabla hujalipa, la sivyo utarudi nyumbani na kompyuta isiyofungika.

Pili, mashimo. Prosesa yake ni ya soketi 1155. Mashimo yake yako kwa umbali sawa na ya 1156, 1150, 1151 na 1200, kwa hivyo kipoza kilichotengenezewa mojawapo kinaweza kushika nyingine mradi vyuma vya kufungia vipo. Soketi 1700 ya mwaka 2021 ilibadilisha umbali huo. Usinunue kisicho na vyuma vyako eti utapata baadaye. Na kama mashine yako ni ile ya ofisi ya mitumba, ya kampuni kubwa, chunguza zaidi: nyingi zina mashimo ya kipekee, na bayosi yake haikuruhusu kuovakloki hata ukilia.

Tatu, memori. Mnara mnene huweza kufunika nafasi za memori, na zile ndefu zenye mapambo hazitaingia chini yake.

Nne, safari. Mnara unaning'inia kwa bodi kama tawi lenye matunda. Ukisafirisha mashine kwa matatu kutoka Meru kupitia Nkubu, Chogoria, Chuka na Runyenjes, na matuta yote yaliyo katikati, toa kipoza kwanza ama uilaze bodi iwe chini na mnara uangalie juu.

Alinunua mnara Ijumaa. Jumamosi nikateremka Embu.

*

Tulifunga kwa meza ya jikoni, Anti akituangalia. Feni tukaielekeza isukume hewa kwenda nyuma ya kasha, si kwenda juu ikutane na feni ya pawa saplai. Tukawasha kwa 4.4 na volti 1.35. Haikuzima. Lakini ilikaa kwa nyuzi themanini na kitu, na feni ilikuwa inapiga kelele.

"Iko sawa," kasin akasema.

"Iko hai," nikamwambia. "Si sawa na sawa."

Tukarudi kwa ile hesabu. Tukashusha hadi 4.2, na kwa kasi hiyo ikakubali kufanya kazi kwa volti 1.25. Kwa makadirio yetu hiyo ni kama wati 131. Angalia vizuri: kasi imeshuka kwa chini ya asilimia 5, joto limeshuka kwa karibu asilimia 18. Kazi ya saa moja sasa inachukua dakika 63. Kwa zile dakika 3 alizotoa, alipata nyuzi 71, feni tulivu, na UPS inayokaa muda zaidi stima ikipotea. Bili pia. Ukilinganisha na kasi ya kiwandani, 4.4 ingeongeza wati 65. Kwa saa 8 kila siku hiyo ni karibu yuniti 16 za tokeni kwa mwezi. Kwa 4.2 ni kama 9.

Hapo ndipo historia hii yote ilikuwa inaelekea. Kuanzia kifuwele cha 1984 hadi penseli ya 2000, kuovakloki kulikuwa kuchukua kile ambacho kiwanda kilikuwa kimekificha. Leo kiwanda hakifichi sana. Prosesa mpya zinajiongezea kasi zenyewe mpaka joto liziambie basi, na kinachobaki cha kukamua ni kidogo na ni ghali. Kwa hivyo kipoza kizuri siku hizi si cha kuvunja rekodi. Ni cha kukuwezesha kuchagua mahali pa kusimama. Ile asilimia 5 ya mwisho ya kasi ndiyo inayokula joto, pesa na umri wa mashine, na mara nyingi hakuna mteja hata mmoja atakayejua uliiacha.

Anti akaweka kiganja nyuma ya kasha.

"Inatoa hewa moto," akasema.

"Ndiyo, Anti. Hiyo ndiyo kazi yake."

"Na inaenda wapi?"

Tukaangaliana na kasin. Studio ni chumba cha futi kumi kwa kumi, dirisha limefungwa na kuzibwa na pazia nzito kwa sababu ya taa za kamera. Saa mbili za kurenda na kile chumba kilikuwa tayari kina joto la bafu. Tulikuwa tumelihamisha joto kutoka kwa prosesa, tukaliacha kwa chumba, na chumba kilikuwa kinalirudisha kwa feni.

Anti hakungoja jibu. Alivuta pazia, akafungua dirisha. Hewa ya Embu ya jioni ikaingia, na kwa kioo cha kompyuta zile nyuzi 71 zikaanza kushuka moja moja hadi 67. Pamoja na hewa likaingia vumbi.

Kwa hivyo tulitumia shilingi 150 za mwisho kununua brashi laini ya kupaka rangi, ya kusafisha mapezi kila mwisho wa mwezi. Iliyobaki, elfu moja na kitu, kasin akamrudishia Anti hapo hapo mezani.

Harusi ya kwanza ya Desemba ilikuwa Runyenjes. Aliiwasilisha siku mbili kabla ya tarehe.